Stefan Banach: Gwiji wa hisabati aliyelisha chawa kwa damu yake

JINA la Stefan Banach hutajwa karibu kila siku katika madarasa ya hisabati ya vyuo vikuu, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba gwiji huyo aliinusuru roho yake kwa kulisha chawa.

Alizaliwa Machi 30, 1892 mjini Krakow, Poland, akalelewa na mama mlezi. Jina la ukoo alilipata kwa mama mzazi, ambaye hakuwahi kumfahamu.

Mwaka 1916, mwanahisabati Hugo Steinhaus, akitembea bustanini mjini humo, aliwasikia vijana wakijadili nadharia ya Lebesgue, mada ngeni kwa wengi wakati huo. Mmoja wao alikuwa Banach. Steinhaus akamshika mkono, na mwaka 1920 Banach akatunukiwa shahada ya uzamivu mjini Lwow (leo Lviv, Ukraine) ingawa hakuwa amemaliza hata shahada ya kwanza.

Kazi kubwa ilifanyika mkahawani. Yeye na wenzake waliandika hesabu juu ya meza za marumaru, hadi mwaka 1935 mkewe, Lucja, alipowanunulia daftari. Tatizo mojawapo liliwekewa zawadi ya bata bukini hai mwaka 1936. Per Enflo wa Sweden alilitatua na kumchukua bata wake mwaka 1972.

Katika kitabu chake cha mwaka 1932, Banach alichunguza mageuzo mstari, yaani kanuni zinazogeuza vitu vya kihisabati bila kuvuruga ujumlishaji wake. Alionyesha kwamba katika nafasi fulani za fomula endelevu, mageuzo yasiyobadili umbali hayana uhuru mkubwa: huhamisha nukta na kugeuza ishara, basi. Umbali peke yake unatosha kufichua umbo zima.

Wanazi walipouteka mji huo mwaka 1941, waliwaua maprofesa zaidi ya 20. Banach alipata hifadhi katika taasisi ya Rudolf Weigl, ambako chawa walinyonya damu yake ili itengenezwe chanjo ya homa ya taifasi.

Alifariki Agosti 31, 1945 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 53.

Mwaka 1951, Richard Kadison wa Marekani alilipeleka wazo lile kwenye aljebra za opereta, ambako kuzidisha A kwa B si lazima kulingane na B kwa A. Alithibitisha kwamba mageuzo kamili yanayohifadhi umbali, yakiiacha opereta ya moja mahali pake, huhifadhi pia kipeo cha pili cha kila opereta.