Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo Aliyepepetwa

Siku ya Ijumaa Kuu, katika sharika nyingi za Kiluteri ulimwenguni, Wakristo huimba wimbo umtazamao Bwana Yesu msalabani, akiwa amevikwa taji ya miiba. Aliyeuandika kwa Kijerumani, akifuata utenzi wa kale wa Kilatini, ni mchungaji Paul Gerhardt. Nyimbo zake twazijua, lakini si wengi wetu wazijuao habari za maisha yake. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari hizo, maana mtu huyu hakuimba juu ya taabu kama mtu asiyeionja.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, huko Ujerumani, si mbali na Wittenberg. Baba yake alifariki mwaka wa 1619, na mama yake mwaka wa 1621; basi akiwa na miaka 14 alikuwa yatima. Wakati huo vita vile vya miaka 30 vilikuwa vimekwisha kuwaka tangu mwaka wa 1618. Paul alisoma katika shule ya Grimma, kisha mwaka wa 1628 akaenda kujifunza elimu ya Mungu katika Wittenberg, mji wa Martin Luther. Mwaka wa 1637 askari wa Uswidi wakauteketeza kwa moto mji ule aliozaliwa.

Vita vilipokoma mwaka wa 1648, Gerhardt alikuwa Berlin, akifundisha watoto katika nyumba ya watu, wala hakuwa na usharika wake. Alingoja hata mwaka wa 1651, ndipo alipobarikiwa na kupelekwa Mittenwalde, akiwa amefikia miaka 44. Lakini miaka hiyo ya kungoja haikupita bure. Johann Crüger, mwimbishaji wa kanisa la Nikolai katika Berlin, alizipenda tungo zake, na mwaka wa 1647 akatia nyimbo zake 18 katika kitabu cha nyimbo alichokipiga chapa.

Mwaka wa 1655 alimwoa Anna Maria Berthold, binti wa nyumba ile ya Berlin. Wakajaliwa watoto watano, na wanne kati yao wakafa wangali wadogo. Mwaka wa 1657 akaitwa kuwa mchungaji katika kanisa lile lile la Nikolai, na watu wakampenda sana.

Huko ndiko jaribu kubwa lilikomkuta. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alifuata mafundisho ya Calvin, lakini raia zake wengi walikuwa Waluteri, na wahubiri wa pande hizo mbili walizoea kushambuliana mimbarani. Mwaka wa 1664 mtawala akatoa amri ya kukataza mashambulio hayo, na wachungaji wakatakiwa kuikubali kwa kutia sahihi. Hatuna budi kusema kwa haki: mtawala alitaka amani, wala Gerhardt hakuwa mtu wa matukano. Lakini yeye aliona ya kuwa kutia sahihi ni kuliacha ungamo la Kiluteri la mwaka wa 1577, ambalo aliahidi kulishika siku ya kubarikiwa kwake. Akakataa, na mwezi wa Februari 1666 akaondolewa katika kazi.

Wakuu wa mji wakamwombea, na vyama vya mafundi vikamwombea pia. Hata mwezi wa Januari 1667 mtawala akamrudishia kazi yake pasipo kumdai sahihi. Watu wakafurahi, wakidhani shauri limekwisha. Lakini Gerhardt akaarifiwa ya kuwa mtawala anamtumaini kuifuata amri ile vivyo hivyo, ingawa hakutia sahihi. Hapo angaliweza kunyamaza tu. Hakuna karatasi ambayo ingalimshitaki, na nyumbani alikuwa na mke na mtoto wa kulishwa. Lakini dhamiri yake haikutulia. Aliona ya kuwa mtu akijua anatumainiwa jambo, naye akanyamaza na kuipokea kazi, ameahidi kama aliyetia sahihi. Basi hakurudi kazini.

Mwezi wa Machi 1668 mke wake akafariki, akabaki na mwana mmoja tu, Paul Friedrich. Mwaka huo huo akaitwa na usharika wa Lübben, nje ya nchi ya Brandenburg. Akaanza kazi huko mwaka wa 1669, akahudumu mpaka alipolala katika Bwana tarehe 27 Mei 1676, akiwa na miaka 69. Mali aliyomwachia mwanawe ilikuwa haba.

Watu wamezoea kusimulia ya kuwa ule wimbo wake mashuhuri wa kumkabidhi Bwana njia zetu aliutunga alipofukuzwa Berlin. Habari hiyo si kweli. Wimbo huo, ambao kila ubeti huanza kwa neno moja la Zaburi 37:5, ulipigwa chapa mwaka wa 1653, miaka 13 kabla ya kuondolewa kwake. Nasi twaona kweli yenyewe yaipita hadithi. Hakuutunga ili ajifariji katika shida ile. Kwanza aliwafundisha wengine kumtumaini Mungu kwa wimbo, kisha yeye mwenyewe akatakiwa kuyatenda aliyoyaimba.

Ugomvi ule umepata dawa: mwaka wa 1973 makanisa mengi ya Kiluteri na ya Calvin katika Ulaya yalipatana huko Leuenberg. Nyimbo zake zimedumu. Johann Sebastian Bach alizitumia beti zake katika muziki wa mateso ya Bwana kwa Injili ya Mathayo, na Dietrich Bonhoeffer alifarijika kwazo gerezani tangu mwaka wa 1943.

Chini ya picha yake katika Lübben yaliandikwa maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa mwalimu wa elimu ya Mungu aliyepepetwa katika chekeche la Shetani. Makapi yalipeperuka, ngano ikabaki. Basi tuimbapo nyimbo zake, tuziimbe kwa moyo wa kuangalia, tukijua ya kuwa neno tuliimbalo leo laweza kutudai kesho. Naye Bwana aliyemshika mtumishi wake atushike na sisi.