ULUGH BEG: MTAWALA ALIYEJENGA MADRASA SAMARKAND

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapenzi, nanyi wazazi wetu, wafalme wengi hukumbukwa kwa vita walivyopigana. Huyu tunayemsoma leo alishindwa vitani, lakini madrasa aliyoijenga ingali imesimama baada ya miaka 600.

Kuzaliwa kwake

Jina lake hasa ni Muhammad Taraghay. Alizaliwa mwaka 1394 katika mji wa Sultaniyya, Iran. Ulugh Beg ni lakabu, maana yake Mwana-mfalme Mkuu. Babu yake alikuwa Amir Timur, aliyeteka nchi nyingi, akamwaga damu nyingi, na kuwachukua mafundi hodari wa nchi hizo ili waupambe mji wake wa Samarkand. Timur alifariki mwaka 1405. Mwanawe, Shah Rukh, alichagua kukaa Herat, na mwaka 1409 Samarkand ikaachwa mikononi mwa Ulugh Beg, kijana wa miaka 15.

Mji wa Samarkand

Samarkand, ambayo leo imo nchini Uzbekistan, ilikuwa kituo kikubwa katika Njia ya Hariri. Misafara ya ngamia ilipita hapo ikitoka China kuelekea Iran na Sham. Mji huo ulisifika pia kwa kutengeneza karatasi, na penye karatasi vitabu huenea.

Madrasa yake

Kati ya mwaka 1417 na 1420 Ulugh Beg alijenga madrasa katika uwanja wa Registan, katikati ya mji, mahali pa soko na mikusanyiko ya watu. Mbele yake pana lango kubwa la tao, lenye urefu wa takriban mita 35. Juu ya tao hilo mafundi walipanga vigae vya rangi kwa umbo la nyota, na pembeni wakasimamisha minara mirefu. Ukipita langoni unaingia katika ua wa mraba, uliozungukwa na vyumba vidogo vya wanafunzi, na upande wa nyuma kuna msikiti. Kwa hiyo mwanafunzi alilala, akasoma na kuswali mahali pamoja.

Alijenga nyingine Bukhara mwaka 1417, na huko ikaandikwa ile hadithi mashuhuri inayofundisha kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa Muislamu, mwanamume na mwanamke.

Adabu yake kwa walimu

Ulugh Beg aliwaita wanazuoni wakubwa, akiwemo Qadi Zada al-Rumi na Jamshid al-Kashi. Al-Kashi alimweleza baba yake kwa barua kuwa mtawala huyu alikuwa amehifadhi sehemu kubwa ya Qur'ani, na kwamba alikaa darsani na kujadiliana na wanafunzi.

Inasimuliwa kuwa siku moja Ulugh Beg alimwachisha kazi mwalimu mmoja bila ya kushauriana na mtu. Qadi Zada akabaki nyumbani, asiende kufundisha. Mtawala alidhani mwalimu wake ni mgonjwa, akaenda kumjulia hali. Hapo akaelezwa kwamba Qadi Zada aliukubali ualimu akiamini kuwa ni kazi isiyochezewa na watawala. Ulugh Beg alikubali kosa, akamrudisha yule mwalimu na kuahidi kutorudia.

Kuzichunguza nyota

Katika miaka ya 1420 alijenga nyumba ya kuchunguzia nyota nje ya mji, yenye ghorofa tatu. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha umbo la tao, na sehemu yake ya chini ilichimbwa ndani ya mwamba. Darubini ilikuwa bado haijavumbuliwa. Hata hivyo, walipanga orodha ya nyota 1,018, na kipimo chao cha urefu wa mwaka kinapishana na cha leo kwa chini ya dakika moja.

Kifo chake

Shah Rukh alifariki mwaka 1447, na ugomvi wa kugombania utawala ukazuka. Wanahistoria wanaeleza kuwa Ulugh Beg alimpendelea mwanawe mdogo, Abd al-Aziz, kuliko mkubwa, Abd al-Latif. Chuki ikakua mpaka mtoto akampiga vita baba yake na kumshinda. Ulugh Beg aliachia utawala, akaomba kwenda Hijja. Hakufika mbali. Aliuawa kwa amri ya mwanawe mwezi wa Ramadhani mwaka 853 Hijria, sawa na Oktoba 1449. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Miezi sita baadaye Abd al-Latif naye aliuawa.

Nyumba ya nyota ikabomoka, hata mahali pake pakasahauliwa mpaka mabaki yake yalipopatikana mwaka 1908. Lakini mwanafunzi wake, Ali Qushji, aliihifadhi elimu ile na baadaye akahamia Istanbul. Mwaka 1665 orodha ya nyota ilichapishwa Oxford, Uingereza.

Mafunzo tunayoyapata

1. Elimu hudumu kuliko ufalme. Jeshi la Ulugh Beg halipo tena, lakini madrasa yake ipo.

2. Mwenye cheo naye ana mwalimu. Aliyetawala mji mzima alikubali kukosolewa na ustadhi wake. Je, sisi tunaokasirika tukisahihishwa herufi moja ya tajwidi?

3. Wazazi, tufanye uadilifu baina ya watoto wetu, kama alivyotuamrisha Mtume (S.A.W.). Ulugh Beg alizipima nyota za mbinguni kwa uangalifu mkubwa, lakini ndani ya nyumba yake mizani ilimpotea. Hakuna upendeleo unaohalalisha mtoto kumuua mzazi wake, lakini moto huanza na cheche.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa na atuunganishe na watoto wetu katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.