Habari za Kanoni Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Wapendwa, mwaka wa jubilei ukifika twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na majina yaliyoandikwa katika kitabu cha ubatizo. Hayo ni mema, nasi twamshukuru Mungu kwayo. Lakini mwenye shamba hatazami majani tu. Hutazama na mizizi. Kwa hiyo tumeona vema kukumbuka maisha ya mtu mmoja aliyejua kazi yake imesimama juu ya nini, ili na sisi tujichunguze.

Apolo alizaliwa katika nchi ya Buganda kama mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa. Katika ujana wake alishika dini ya Kiislamu, akapigana katika vita vya Buganda, tena alikuwa mvuta bangi. Lakini alikuwa amepata kusikia mafundisho ya Alexander Mackay, na mbegu ile haikufa moyoni mwake. Bangi akaiacha, akajifunza kusoma, na mwaka 1895 akabatizwa. Watu walimwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu ya koti jekundu la askari alilolivaa pamoja na kanzu yake. Mchumba wake alifariki, naye hakuoa kamwe.

Mwaka ule ule wa 1895 akapelekwa Toro kufundisha, na mwaka uliofuata akavuka bonde la mto Semliki mpaka Mboga, ambayo leo ni nchi ya Kongo. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia huko, lakini wenyeji waliwanyima chakula hata wakarudi kwao. Apolo hakungoja kulishwa. Alishika jembe akalima shamba lake mwenyewe, ingawa katika desturi ya kwao kulima kulikuwa kazi ya wanawake. Hivyo njaa haikupata nguvu ya kumfukuza.

Mtawala wa Mboga, jina lake Tabaro, alichukizwa na mafundisho yake juu ya ulevi na wake wengi. Apolo akapigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Mwaka 1898 mwanamke wa jamaa ya mtawala aliangukia mkuki akafa, na lawama ikawekwa juu ya Apolo. Akafungwa, akapelekwa Toro gerezani, hali hana kosa. Katika siku zile za dhiki alimwona Kristo katika maono, aking'aa kama jua, akamtia moyo na kumwahidi kwamba yu pamoja naye. Tangu hapo hofu ilimtoka. Alipofunguliwa alirudi Mboga kwa watu wale wale waliomtesa, naye Tabaro mwenyewe mwishowe akaamini akabatizwa.

Apolo akawa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akafanywa kanoni wa Namirembe. Heshima hizo hazikumwondoa katika kazi yake ya kwanza. Nyumbani mwake aliwalea watoto wengi wasio wake. Hata katika uzee wake aliingia katika msitu wa Ituri kuwatafuta Wambuti, watu waliodharauliwa na jirani zao, na Injili ya Marko ikafasiriwa katika lugha yao.

Basi na tujiulize sisi tulio walimu. Tukiitwa kwenda kijiji cha mbali, je, hatuanzi kwa kuuliza habari za mshahara na nyumba? Tukikosewa na wakristo, je, hatuombi kuhamishwa? Tukipewa cheo, je, twaweza kushika tena jembe mbele ya macho ya watu? Twasema haya kwa aibu, maana ni makosa yetu wenyewe. Apolo hakuwa na shule nyingi wala mali. Msingi wake ulikuwa mambo machache: kuamini kwamba Bwana yu pamoja naye, kula jasho lake, kumsamehe aliyemwumiza, na kumwendea asiyeendewa na mtu. Mambo hayo hayachakai, ila sisi twayafunika kwa mengine. Jubilei ni wakati wa kuyafunua.

Alifariki huko Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza kwamba wasimzike kichwa kikielekea mashariki kama ilivyo desturi, bali magharibi, upande wa msitu, iwe ishara kwamba kazi haijaisha na Injili haina budi kuendelea mbele. Ikafanyika hivyo. Mwaka 1972 nchi ile aliyoilima kwa jembe na kwa machozi ikawa dayosisi yenye askofu wake.

Wapendwa, kaburi lile laelekea kazi iliyosalia. Mungu atujalie kuelekea huko na sisi, kila mtu katika kijiji chake, kabla ya jubilei nyingine haijatufikia.