Mwami Msiri: boma lilipotea, shaba ikabaki

Huku Lwiro tunapita kila siku mbele ya yale majumba makubwa Wabelgiji walijengea wanasayansi wao wa IRSAC. Yangali yanasimama. Lakini boma la miti na udongo la mwami aliyetawala nchi ya shaba, kule Bunkeya, katika Lualaba ya leo, haliko tena. Tuelezane lilipotea namna gani.

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830 kwa Wasumbwa, Unyamwezi, Tanzania ya leo. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mchuuzi: alitembea kwa miguu mpaka Katanga kutafuta shaba. Kijana akafuata njia ya baba, alafu hakurudi tena. Alikuja na bunduki pahali watu walikuwa na upinde. Akasaidia chifu huyu kupigana na yule, na mwisho yeye mwenyewe akawa mkubwa wa wote. Watu wake wakaitwa Bayeke, nchi yake Garenganze.

Bunkeya ikawa mji wa maelfu ya watu. Misafara ilitoka Bahari ya Hindi na nguo, mingine ikatoka Benguela, Angola, na bunduki na baruti. Ilirudi na pembe za tembo, shaba, chumvi na watumwa. Ndani ya boma Msiri alikuwa na wake mamia. Ku miti ya boma kulitundikwa mafuvu ya watu aliowaua. Aliyeingia pale alijua mara moja yuko kwa nani.

Kazi ya shaba ilifanywa na watu kama siye. Wakati wa kiangazi walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha kwa makala katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamwaga misalaba ya shaba. Fungu la mwami lilienda Bunkeya. Hapa siye watu wa sendika hatuwezi kumsifu tu. Utajiri wa lile boma ulikuwa jasho la wengine, na wengine waliuzwa kama mbuzi. Karibu mwaka 1886, baada ya mwanamke mmoja wa Kisanga kuuawa, Basanga waliamka. Vita vikafunga njia, baruti ikapungua. Mwaka 1891 njaa ilikuwa imeingia Bunkeya.

Wakati ule ule Wazungu walikuwa wanaitafuta ile shaba. Arnot, mmisionari, alifika 1886, na Msiri akampokea. Mwaka 1890 Sharpe akaleta karatasi ya Waingereza. Mmisionari mmoja akamfasiria mwami maana yake, kwamba nchi itatoka mikononi mwake, naye akakataa. Mwaka 1891 wajumbe wa Leopold II wakaja, Le Marinel kwanza, kisha Delcommune. Bendera yao pia akaikataa.

Njo akaja Stairs, Mkanada aliyetumwa na Compagnie du Katanga. Alitoka pwani na watu karibu 400, akafika Bunkeya tarehe 14 mwezi wa 12. Siku chache baadaye akapandisha bendera bila ruhusa. Msiri akaondoka usiku, akaenda ku kijiji cha Munema. Tarehe 20 kapiteni Bodson akatumwa kumkamata. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga risasi, naye Bodson akapigwa na mtu wa Msiri, akafa. Kichwa cha mwami kikakatwa, kikatundikwa ku mti, sawa vile yeye alikuwa anafanyia wengine. Mpaka leo wazee wanasimulia safari za kile kichwa, kila mmoja kwa namna yake.

Mtoto wake Mukanda-Bantu akaikubali bendera. Watu wakahama, boma likaachwa. Bayeke walirudi Bunkeya miaka kadiri baadaye, na kila tarehe 20 mwezi wa 12 wanamkumbuka mwami wao. Lakini shaba ilikuwa imepata bwana mwengine: Union Minière ilianzishwa 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikatoka ku tanuru la Élisabethville.

Ndugu, Msiri alifanya vema pale alipotaka kujua karatasi inasema nini mbele ya kuikubali. Siye pia tusitie kidole ku kontra ambayo hatujasomewa mpaka mwisho. Lakini siku Stairs alipofika, wengi waliochimba na kubeba kwa ajili ya Msiri hawakusimama naye, juu alikuwa amewachosha. Kama tunataka kuwa na nguvu mbele ya mnunuzi, tuanze kugawana vizuri sisi kwa sisi, pale pale ku shimo.