Maisha ya Robert Louis Stevenson: Deni la Hadithi Isiyokwisha

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, bila shaka umewahi kufika ukurasa wa mwisho wa riwaya teule ukabaki ukijiuliza: sasa itakuwaje? Mhusika mkuu amenusurika, lakini mwandani wake yuko wapi? Mwovu amefichuliwa, lakini je, ameadhibiwa? Waandishi wengine huyaacha maswali hayo makusudi ili msomaji ayajibu mwenyewe. Wengine hurudi baada ya miaka wakaandika riwaya ya pili inayoanzia pale ya kwanza ilipokomea. Kazi ya namna hiyo huitwa mwendelezo.

Maisha utakayoyasoma hapa ni ya mwandishi aliyeifanya kazi hiyo kwa riwaya iliyopendwa mno na vijana. Yasome ukiwa na swali moja akilini: mwandishi anayerudi kwenye hadithi yake ya zamani anadaiwa nini na wasomaji wake?

Kuzaliwa na malezi

Robert Louis Stevenson alizaliwa tarehe 13 Novemba 1850 mjini Edinburgh, Uskoti. Alikuwa mtoto wa pekee. Babake, Thomas Stevenson, alikuwa mhandisi wa minara ya taa inayoongoza meli baharini, na babu yake, Robert Stevenson, alikuwa amejenga mnara maarufu wa Bell Rock. Katika ukoo huo ilichukuliwa kwamba mtoto wa kiume angerithi kazi hiyo.

Hata hivyo, mtoto huyu alikuwa mgonjwa wa kifua tangu utotoni. Alikesha usiku mwingi akikohoa huku yaya wake, Alison Cunningham, akimsomea Biblia na kumsimulia habari za Waskoti walioteswa kwa ajili ya imani yao. Zingatia jambo hili. Mtoto asiyeweza kutoka nje kucheza alijifunza kusafiri kwa masikio. Baadaye angewaandikia vijana safari ambazo mwili wake haukumruhusu kuzifanya.

Elimu na ndoa

Mwaka wa 1867 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uhandisi. Hakuupenda. Babake alihuzunika, lakini wakaafikiana kwamba asomee sheria ili awe na kazi ya kutegemea. Alifuzu kuwa wakili mwaka wa 1875, ila karibu hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Usiidharau elimu hii iliyoonekana kupotea bure. Utaona jinsi ilivyomfaa miaka kumi na saba baadaye.

Mwaka wa 1876, akiwa Ufaransa, alikutana na Fanny Osbourne, mama Mmarekani aliyekuwa na watoto. Mwaka wa 1879 alimfuata hadi California, safari iliyokaribia kumuua. Walioana mwezi Mei 1880.

Kisiwa chenye hazina

Katika kiangazi cha 1881 familia ilikuwa Braemar, Uskoti, na mvua haikuwapa nafasi ya kutoka. Stevenson alichora ramani ya kisiwa cha kubuni pamoja na mwanawe wa kambo, Lloyd. Kutokana na ramani hiyo ilizaliwa Treasure Island. Mwanzoni aliandika takriban sura moja kila siku, kisha akakwama. Aliimalizia Davos, Uswisi, alikokwenda kutibiwa kifua. Hadithi ilitoka kwa mfululizo katika jarida la vijana, Young Folks, kati ya 1881 na 1882, akitumia jina la kupanga, Captain George North. Ilichapishwa kama kitabu mwaka wa 1883. Wasomaji wa Kiswahili waliipata enzi za ukoloni katika tafsiri ya Frederick Johnson iitwayo Kisiwa Chenye Hazina.

Riwaya hiyo iliacha mlango wazi. Sehemu ya fedha ilibaki imezikwa kisiwani, na haramia Long John Silver alitoroka. Ungetarajia Stevenson aharakishe kuandika mwendelezo. Hakuandika. Waandishi wengine ndio waliojaribu baada ya kifo chake, mmojawapo akiwa mshairi Mwingereza Andrew Motion, aliyetoa Silver mwaka wa 2012, akiwatuma watoto wa wahusika wale wa awali kuifuata fedha iliyobaki.

Je, kwa nini hazina iliyobaki haikumrudisha Stevenson mwenyewe? Tazama riwaya aliyoirudia ndipo utaelewa.

Riwaya ya Kidnapped

Kidnapped, jina linalomaanisha kutekwa nyara, ilitoka mwaka wa 1886 katika jarida lile lile la Young Folks, kisha ikawa kitabu. Stevenson aliiandika akiishi Bournemouth, Uingereza, afya yake ikiwa duni. Mwaka huo huo alichapisha pia Dr Jekyll and Mr Hyde.

Msimulizi ni David Balfour, yatima wa miaka kumi na saba, anayetumia nafsi ya kwanza. Ami yake, Ebenezer, anataka kumdhulumu urithi. Kwanza anampandisha gizani ngazi ambayo haikumalizwa kujengwa ili aanguke afe. Anaponusurika, anamuuza kwa nahodha wa meli ili apelekwe Marekani kuwa mtumwa mashambani. Melini David anakutana na Alan Breck Stewart, mpiganaji wa ukoo wa Stewart anayesakwa na serikali. Meli inavunjika. Baadaye David anajikuta karibu na mahali ambapo Colin Campbell, wakala wa serikali, anapigwa risasi akafa. Yeye na Alan wanakimbia milimani kwa siku nyingi, wakilala mchana na kutembea usiku.

Mauaji hayo yalitukia kweli. Colin Campbell aliuawa tarehe 14 Mei 1752, naye Stevenson akayasogeza nyuma mwaka mmoja ili yaoane na hadithi yake. James Stewart, maarufu kwa jina James wa Glens, alishtakiwa kwa kushirikiana na muuaji. Kesi ilisikilizwa Inveraray, ngome ya ukoo wa Campbell. Jaji aliyeongoza alikuwa mkuu wa ukoo huo, na kati ya wazee wa baraza kumi na watano, kumi na mmoja walikuwa wa ukoo wa marehemu. James alinyongwa tarehe 8 Novemba 1752, na mwili wake ukaachwa ukining'inia kwa muda mrefu uwe onyo. Aliyefyatua risasi hajajulikana kwa hakika hadi leo.

Sasa tazama jinsi riwaya inavyokoma. David anapata urithi wake. Anaagana na Alan nje ya Edinburgh, kisha anasimama mbele ya benki akiwa mpweke katikati ya umati. Alan bado anawindwa. James bado yuko gerezani. David anajua kwamba James hana hatia, lakini hajasema lolote mbele ya sheria.

Umeona tofauti? Kilichobaki katika Treasure Island ni mali. Kilichobaki katika Kidnapped ni uhai wa mtu asiye na hatia na ushahidi wa kijana anayeujua ukweli. Fedha iliyozikwa huamsha hamu tu. Ushahidi uliozuiliwa ni deni.

Samoa

Babake Stevenson alifariki mwaka wa 1887. Mwaka huo Stevenson aliondoka Uingereza na hakurudi tena. Mwaka wa 1888 alisafiri na familia yake kwa merikebu katika Bahari ya Pasifiki, akigundua kwamba hewa ya huko ilimfaa. Mwaka wa 1890 alinunua shamba la Vailima katika kisiwa cha Upolu, Samoa. Wenyeji walimwita Tusitala, yaani msimulizi wa hadithi.

Wakati huo Ujerumani, Uingereza na Marekani ziliingilia utawala wa Samoa na kuwagombanisha machifu. Stevenson hakunyamaza. Mwaka wa 1892 alichapisha A Footnote to History, kitabu kilichoeleza mgogoro huo na kuwalaumu maafisa wa kigeni. Machifu waliomuunga mkono Mataafa walipofungwa gerezani, aliwatembelea na kuwapelekea chakula. Walipoachiliwa mwaka wa 1894, walimjengea barabara ya kuelekea nyumbani kwake kama shukrani.

Kulipa deni: riwaya ya Catriona

Ni katika mwaka huo huo wa 1892, akitazama namna siasa inavyoweza kuamua nani afungwe, ambapo Stevenson aliandika mwendelezo wa Kidnapped. Ulitoka kwa mfululizo katika Atalanta, jarida la wasichana, na ukawa kitabu mwaka wa 1893. Uingereza uliitwa Catriona. Marekani uliitwa David Balfour.

Alianza pale pale alipoachia. David anatoka benki na fedha zake. Badala ya kustarehe, anaamua kwenda kwa mkuu wa mashtaka, Prestongrange, kusema aliyoyaona. Kufanya hivyo ni kuhatarisha shingo yake, kwa kuwa yeye mwenyewe anatafutwa kuhusiana na mauaji yale.

Hapa ndipo mwandishi alipokabiliwa na tatizo kubwa. Wasomaji waliopenda mapigano ya melini na mbio za milimani walitaka David ashinde. Lakini historia ilikuwa imekwisha kuamua: James alinyongwa. Angembadilishia James hatima yake, angewafurahisha watoto na kuidanganya historia. Stevenson alichagua njia ngumu. Wakubwa wanamteka David tena na kumficha Bass Rock, kisiwa chenye mwamba mtupu, ili asitoe ushahidi. Anapofika Inveraray, hukumu imekwisha kutolewa. Ujasiri wake wote hauokoi uhai wa James.

Angalia kejeli ya hali. Katika riwaya ya kwanza David anatekwa na ami mwenye tamaa na nahodha katili. Katika ya pili anatekwa kwa amri ya watu wenye heshima zao, wavaao majoho ya sheria. Adui wa kwanza alishindwa kwa upanga na miguu yenye mbio. Adui wa pili hashindiki kwa silaha hizo. Mwandishi aliyesomea uwakili bila kuufanya alizijua vyema kauli laini za ofisi za sheria, na katika riwaya hii elimu ile ilizaa matunda.

Sehemu ya pili inahamia Uholanzi, David anapokwenda Leiden kusomea sheria, na inahusu penzi lake na Catriona, binti wa James More MacGregor. Baba huyo ni msaliti anayejaribu kumuuza Alan kwa maadui zake. Mwishoni Alan anaponea na David anamwoa Catriona.

Si wasomaji wote walioridhika. Wengi, hadi leo, huipenda zaidi Kidnapped kwa kasi na taharuki yake. Stevenson mwenyewe, katika barua zake, aliihesabu Catriona miongoni mwa kazi zake bora kabisa.

Kifo

Tarehe 3 Desemba 1894 Stevenson alifanya kazi asubuhi juu ya riwaya ya Weir of Hermiston, inayohusu jaji mkali na mwanawe. Jioni alianguka ghafla kwa kuvuja damu ubongoni, akafariki akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Wasamoa walifyeka njia hadi juu ya Mlima Vaea, wakambeba mabegani na kumzika huko. Riwaya ile haikumalizwa. Lakini deni la David Balfour alikuwa amekwisha kulilipa.

Mafunzo kwa mtahiniwa

1. Unapoulizwa kuhusu mwisho wa riwaya teule, usiishie kusema kwamba umeacha maswali. Yataje, kisha utofautishe yanayochochea hamu ya msomaji na yanayodai haki kwa mhusika. Tofauti hiyo ndiyo itakayolipa jibu lako uzito.

2. Mhusika anayeendelezwa hukua. David wa kwanza anapigania maisha yake; David wa pili anahatarisha maisha yake kwa ajili ya mwingine. Katika insha ya kuendeleza mdokezo, usimrudishe mhusika katika tukio lile lile alilokwisha kulipitia.

3. Heshimu ukweli wa hadithi. Watahiniwa wengi hufufua waliokufa au huleta askari ghafla ili wamalize insha kwa furaha. Stevenson angeweza kumwokoa James kwa sentensi moja. Jiulize riwaya yake ingebaki na thamani gani.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi malezi na elimu ya Stevenson yalivyochangia uandishi wake. (alama 4)
2. Fafanua tofauti kati ya kilichoachwa bila kutatuliwa katika Treasure Island na katika Kidnapped. (alama 4)
3. Huku ukitoa mfano, onyesha kejeli ya hali inayojitokeza David anapotekwa mara ya pili. (alama 4)
4. Chagua mhusika mmoja katika riwaya teule unayoisoma ambaye hatima yake haikuelezwa. Jadili deni ambalo mwandishi angelazimika kulilipa iwapo angeandika mwendelezo. (alama 8)