Yatima Aliyeipa Chai Heshima

Baharia mmoja wa mtaani petu alirudi kutoka safari za Mashariki ya Mbali akaniletea zawadi iliyofungwa kwa karatasi. Kwa umbo lake la duara nilidhani ni mkate wa ufuta uliokauka njiani. Nilipoifungua nikakuta ni majani ya chai, meusi, yaliyoshindiliwa pamoja yakawa magumu kama kigae. Nikavunja kipande kwa ncha ya kisu, nikakitia katika birika, na kwa mazoea ya watu wa pwani nikaongeza tangawizi, iliki na sukari. Baharia alicheka mpaka akafuta machozi. Huko alikoinunua, alinieleza, mtu akitia vitu hivyo katika chai kama ile huhesabiwa kuwa ameiharibu.

Chai ile ni ya jimbo la Yunnan, kusini-magharibi ya Uchina, nayo huitwa Pu'er. Hushindiliwa ikawa mkate, kisha huwekwa miaka mingi ichachuke polepole, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyosifiwa. Tangu miaka ya 1970 mafundi wa huko wamekuwa pia wakiyarundika majani na kuyatia unyevu ili yachachuke kwa wiki chache tu. Hata hivyo, desturi ya kuifanya chai mikate ni kongwe sana. Nilipoanza kuulizauliza habari zake, nikaletwa kwa mtu mmoja aliyekufa mwaka 804, na tangu siku hiyo hajaniondoka moyoni. Jina lake ni Lu Yu.

Lu Yu alizaliwa mwaka 733, zama za wafalme wa Tang, katika mji wa Jingling, ambao leo huitwa Tianmen, jimbo la Hubei. Wazazi wake hawajulikani. Inasimuliwa kwamba mtawa wa Kibudha aitwaye Zhiji alimwokota kando ya maji, akampeleka hekaluni kwake akamlea. Hata jina hakuwa nalo. Jina alilipata katika kitabu cha kale cha Kichina cha ramli, mahali panaposimuliwa habari ya bata bukini wa mwituni anayetua nchi kavu, na manyoya yake yakafaa kuwa pambo. Lu ni nchi kavu, na Yu ni manyoya.

Mwenyewe aliandika habari za maisha yake mwaka 761, akiwa bado kijana, na hakujipamba. Alikiri kwamba alikuwa na sura mbaya na kigugumizi. Alipofika miaka tisa mtawa alitaka kumfunza vitabu vya Kibudha ili naye awe mtawa. Mtoto akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asiye na ndugu, naye asizae watoto, atakuwa ameuvunja wajibu wa mwana kwa wazee wake. Yeye alitaka elimu ya Confucius.

Mtawa aliona kwamba dawa ya ukaidi ni kazi. Akamtuma kufagia ua, kusafisha vyoo, kukanyaga udongo wa kukandikia kuta, kubeba vigae vya kuezekea, na kuchunga ng'ombe 30. Kijana alichunga, lakini alichukua kijiti cha mwanzi akawa anajifunza kuandika juu ya migongo ya ng'ombe. Siku moja alipata shairi refu la mshairi wa kale, Zhang Heng. Hakuweza kulisoma. Basi aliketi malishoni, akalifungua mbele yake kama waonavyo watoto wa shule, akawa anachezesha midomo tu.

Hapo niliiweka karatasi chini. Mimi nilisoma chuoni, na nilipokuwa na umri kama huo nilianza kuandika beti nyuma ya ubao wangu wa kusomea. Maalimu alipoziona alizifuta kwa kitambaa cha maji, kisha akanikumbusha kwa bakora kwamba ubao ule haukuchongwa kwa ajili ya nyimbo. Namfahamu mtoto yule wa ng'ombe. Naye pia alipigwa. Mkubwa aliyewekwa kumsimamia alimkuta amezubaa, akiwaza herufi, akamchapa mgongoni mpaka fimbo ikavunjika. Ndipo Lu Yu akatoroka, akajiunga na kundi la wachezaji wa michezo. Mtu mwenye kigugumizi na sura isiyopendeza akawa mchekeshaji hodari, na michezo akaitunga mwenyewe.

Mwaka 746 liwali mmoja aitwaye Li Qiwu alimwona katika sherehe, akamtambua kuwa ana akili, akampa vitabu vya mashairi. Kisha akapata mwalimu mlimani. Mwaka 752 alifika Jingling mkubwa mwingine, Cui Guofu, aliyekuwa ameshushwa cheo, wakawa marafiki. Walipoagana Cui alimpa punda mweupe, ng'ombe mweusi na kasha la vitabu. Aliyechapwa kwa ajili ya herufi sasa alikuwa na kasha la kuzitia.

Mwishoni mwa mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi, na nchi ikawaka moto. Lu Yu alivuka mto Yangzi pamoja na wakimbizi, na mwaka 760 akajenga kibanda kando ya kijito cha Tiao, huko Huzhou. Rafiki yake mkubwa alikuwa mtawa mshairi Jiaoran. Lu Yu alikuwa akitembea peke yake maporini akisoma mashairi, akigonga miti kwa fimbo, akichezea maji mpaka giza, kisha akarudi nyumbani analia. Watu walimdhania mwehu.

Mwehu huyo ndiye aliyeandika Chajing, yaani Kitabu cha Chai, kitabu cha kwanza kilichoandikwa kwa ajili ya chai tu. Kina sehemu 10, na maneno yake ni kama herufi 7,000 tu. Humo anaeleza asili ya mti wenyewe, vyombo zaidi ya 20, na namna mikate ya chai ilivyofanywa: majani huchumwa siku isiyo na mvua wala mawingu, hupikwa kwa mvuke, hutwangwa, hushindiliwa katika kalibu, hukaushwa motoni, hutungwa katika kamba, kisha hufungwa. Wakati wa kunywa, mkate huokwa, husagwa ukawa unga, na unga huo hutiwa katika maji yanayochemka.

Na maji yenyewe! Bora ni ya mlimani, ya kati ni ya mtoni, na ya mwisho ni ya kisima. Yakitoa mapovu kama macho ya samaki, hutiwa chumvi kidogo. Yakitoa mapovu kama lulu zilizotungwa ukingoni, huo ndio wakati wa kutia chai. Yakipiga mawimbi ni mwisho, na kuzidi hapo yameharibika. Waliochemsha chai pamoja na vitunguu, tangawizi, tende za Kichina na maganda ya machungwa aliwaambia kwamba wanakunywa maji ya mtaro. Baharia wangu hakucheka bure.

Sehemu ya mwisho ya kitabu inaagiza kwamba maneno yote yaandikwe juu ya vitambaa vya hariri yatundikwe ukutani, kila mtu ayaone. Huyu ni mtu aliyefichwa herufi utotoni. Alipozipata alitaka zitundikwe.

Bakuli alizozisifu kuliko zote ni za kijani kibichi za nchi ya Yue, alizozifananisha na jiwe la jade. Vigae vya vyombo vya Yue vya karne ya 9 vimefukuliwa katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Sisemi kwamba waliokuwa Manda walinyweshea chai, lakini vyombo vya aina ile aliyoipenda vilifika kwetu zamani.

Sifa haikumkinga na dharau. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa serikali alimwita amtengenezee chai. Lu Yu akaenda na nguo zake za shamba, amebeba vyombo vyake. Baada ya kunywa, mkubwa aliamuru mtumishi ampe sarafu 30, kama anavyolipwa mchuuzi. Lu Yu alifedheheka hata akaandika makala ya kuikana chai. Mimi niliwahi kualikwa arusini kughani, na tajiri mmoja akanitupia noti mbele ya watu kama anayemlipa mchukuzi. Kwa hiyo makala ile naielewa, ingawa sijaisoma.

Lakini chai haikukanika. Mwaka 793 serikali iliianzishia kodi ya kudumu, dalili kwamba imekwisha kuwa mali. Watu wa kaskazini walileta farasi wao kuja kubadilishana kwa chai. Wauza chai walifinyanga sanamu za Lu Yu za kauri wakaziweka karibu na meko. Biashara ikidorora, huyo mtakatifu wao walimmwagia maji ya moto! Mwaka 1391 mfalme wa kwanza wa Ming alikomesha mikate ya chai iliyopelekwa ikulu, akataka majani matupu. Hata hivyo desturi ya kushindilia chai ilibaki, ikaendelea kubebwa migongoni kupelekwa Tibet. Ndiyo jamaa ya huu mkate wangu, ijapokuwa Yunnan yenyewe Lu Yu hakuitaja kitabuni mwake.

Nimeacha jambo moja kwa makusudi. Wachina husimulia kwamba Lu Yu alipoondoka hekaluni, mtawa Zhiji aliacha kunywa chai, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kumtengenezea. Mfalme alipopata habari akamwita ikulu ili amjaribu. Akapewa chai ya fundi wa ikulu, akaonja mara moja akaiweka. Kisha Lu Yu akaletwa kwa siri, akachemsha chai chumba cha pili bila ya kuonekana. Mzee akainywa yote, akaijua kwamba ni ya mwanawe. Huenda ni hadithi tu. Lakini inasemekana pia kwamba Lu Yu alipopata habari za kifo cha mzee huyo alilia sana, akatunga shairi fupi la kuutamani mto unaopita Jingling. Vyeo alivyopewa vya ikulu alivikataa. Alichokililia ni maji ya pale alipookotwa, na pale alipochapwa.

Maalimu wangu naye alikufa kabla sijampelekea shairi langu la kwanza lililochapishwa. Niliogopa kwamba atalifuta. Sasa najua kwamba mkono unaoshika kalamu alinipa yeye, na kwamba ningalipaswa kwenda.

Jana nilivunja kipande kingine cha ule mkate, nikakichemsha kwa maji matupu, bila ya tangawizi wala sukari. Ni kichungu mwanzo, kisha utamu huja nyuma, taratibu, baada ya kumeza.