MAREHEMU RAIS NDADAYE: MKIMBIZI ALIYERUDI NYUMBANI



Kila tarehe 21 Oktoba tunawakumbuka wote waliouawa mwaka 1993, na wa kwanza kutajwa ni marehemu Rais Melchior Ndadaye. Safari hii Kamati imeona ieleze maisha yake kwa upande ambao vijana wetu hawaujui vizuri. Ndadaye naye alikuwa mkimbizi, kwa miaka 11. Tunalisema hilo kwa sababu wenzetu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac huiuliza Kamati kama mtu aliyekaa ugenini miaka mingi bado ni Mrundi, na kama aliyeuacha uraia wake anaweza kuurudia.

Kuzaliwa na kukimbia

Ndadaye alizaliwa tarehe 28 Machi 1953 huko Nyabihanga, katika mkoa wa Muramvya wa wakati ule. Alisoma shule ya ualimu Gitega. Alikuwa na miaka 19 wakati maafa ya 1972 yalipotokea. Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, mwambao wa ziwa letu, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa walimu, wanafunzi, makarani na wafanyabiashara. Watu wa mwambao wakakimbilia Zaire na Tanzania. Huko Tanzania wengi wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Ndadaye yeye akakimbilia Rwanda.

Maisha ya ugenini

Huko Rwanda alimaliza shule Butare, akaingia Chuo Kikuu kusomea elimu, kisha akafundisha Save. Mwaka 1976 yeye na wenzake waliunda chama cha wanafunzi Warundi, BAMPERE, naye akawa kiongozi wake. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha UBU. Alikula chakula cha ugenini na kufundisha watoto wa ugenini, lakini shughuli zake zote za siasa zilihusu Burundi.

Mwaka 1983 alirudi. Serikali ilikuwa ya Bagaza, chama kilikuwa kimoja, na waliowaua wenzake wa shule hawakuwa wamehukumiwa. Alirudi hivyo hivyo. Alifanya kazi katika ushirika wa akiba na mikopo, na baadaye benki. Kwa siri yeye na wenzake wakaanzisha chama cha FRODEBU, ambacho kiliandikishwa kisheria mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa.

Uongozi na kifo

Tarehe 1 Juni 1993 alichaguliwa Rais kwa karibu asilimia 65 ya kura, akamshinda Rais Buyoya. Aliapishwa tarehe 10 Julai. Alimteua Bibi Sylvie Kinigi, Mtutsi wa chama cha UPRONA, kuwa Waziri Mkuu, na akaweka watu wa pande zote serikalini. Kurudi kwa wakimbizi lilikuwa moja ya mambo makubwa ya serikali yake. Baadhi ya watu wa 1972 wakaanza kurudi mwambaoni, wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine au yamegeuzwa mashamba ya michikichi. Ugomvi ukaanza, na serikali haikupata muda wa kuumaliza. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba wanajeshi walivamia ikulu, na Rais akauawa. Alikuwa ametawala muda wa miezi mitatu tu. Baada ya hapo Watutsi wengi waliuawa na majirani zao vilimani, na Wahutu wengi wakauawa na jeshi. Karibu watu laki saba walikimbia nchi.

Uraia wetu

Kutokana na maisha hayo, Kamati inapenda kuwakumbusha mambo manne:

1. Kukimbia si kupoteza uraia. Ndadaye alikaa miaka 11 nje, akarudi, akachaguliwa Rais. Mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi hata akizaliwa kambini. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi. Tunzeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi zote mlizopewa kambini.

2. Walioukana uraia wana njia ya kuomba. Wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, nao walitakiwa kuukana wa Burundi, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Upande wa Burundi, sheria ya uraia ya tarehe 18 Julai 2000 inaruhusu uraia wa nchi mbili, na inampa aliyekuwa raia nafasi ya kuomba arudishiwe. Lakini Mtanzania anayeuchukua tena uraia wa Burundi kwa hiari atapoteza ule wa Tanzania. Familia ikae ishauriane kwanza.

3. Mkataba wa Geneva wa 1951 unasema ukimbizi hukoma kwa mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake, au aliyepoteza uraia akauchukua tena kwa hiari. Kwa hiyo msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Ulizeni kwanza.

4. Uraia na shamba ni mambo mawili. Kitambulisho, yaani karangamuntu, hakimrudishii mtu shamba lake la Rumonge. Tume ya ardhi iliyoanza kazi mwaka 2006 ilipokea kesi nyingi sana za mwambao, na nyingine ziligombanisha wanyonge wawili: aliyenyang'anywa, na aliyegawiwa na serikali akalima miaka 30. Anayerudi ajue hilo kabla ya kufunga mizigo.

Ndugu zetu, wazee wa 1972 wanazidi kupungua. Kila mzee amtajie mjukuu wake jina la babu yake, la kilima chake na la komini yake, na mjukuu aandike. Siku ya kurudi, karani wa komini ataanza kwa maswali hayo.

Mungu azilaze roho za marehemu wote mahali pema. Amina.

Kamati ya Jumuiya